Kanuni ya Saba

Mchana ule Jaji alikosea kutamka neno moja, na mtu akamsahihisha kutoka ndani ya kabati.

Jaji ni jina la utani alilopewa nyumbani tangu aanze kusomea sheria. Alikuwa peke yake chumbani, akikariri kanuni za Kilatini kwa sauti: audi alteram partem, sikiliza na upande wa pili. Ulimi ukateleza, na sauti nyembamba, kama ya mtu mwenye mafua, ikalirudia neno ipasavyo. Alifungua kabati akakuta nguo zake tu, na harufu ya nywele zilizoungua.

Alimweleza kaka yake. Kaka alikuwa wakili mwenye jina, hajawahi kushindwa kesi, na ndiye aliyemwandikia kanuni zile kumi na mbili kwa mkono wake na kumsisitiza azisome kila siku, hata asipozielewa. Alimjibu kwamba ni uchovu tu. Hakumtazama usoni.

Wiki ya pili sauti ilihama kabatini. Akiosha vyombo anaisikia, akipanga foleni maktaba anaisikia sikioni, na asubuhi moja darasani, alipoulizwa swali asilolijua, mdomo wake ukafunguka wenyewe ukajibu kwa sauti ile ya mafua, ukataja kesi na miaka na majina ya majaji waliokufa zamani, darasa zima likampigia makofi huku yeye machozi yakimtoka na ulimi ukiwa umempoa kinywani kama si wake.

Mhadhiri alimwita pembeni. Jaji akamwonyesha karatasi ya zile kanuni. Kidole cha mhadhiri kilishuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Hii ya saba si Kilatini," alisema. "Wala sijui ni lugha gani. Nani kakupa?"

Mama yake alipopata habari hakubishana na mtu. Alikwenda kumleta mganga, mwanamke mtu mzima, mpole wa maneno. Mganga alimwambia Jaji asome ule mstari, na kabla hajaumaliza akamziba mdomo kwa kiganja. Akawaeleza taratibu kwamba hayo ni maneno ya kupokea jini. Jini lile lilikuwa na mwenyewe. Lilimshindia kila alichotaka, na muda ulipotimia likataka ama limchukue yeye, ama apatikane mwingine wa kulikubali kwa kinywa chake.

"Aliyelitoa aje aseme analirudisha," mganga alisema. "Zaidi ya hapo sina uwezo."

Kaka aliitwa, akaja na suti yake ya mahakamani. Mama alimshika mikono yote miwili, akamsihi, akamkumbusha ni nani aliyekuwa akimbeba Jaji mgongoni alipokuwa mchanga. Kaka alitazama sakafu.

"Ulijua?" Jaji aliuliza.

"Nilijua wewe una moyo mgumu kuliko mimi."

"Nakuuliza, kaka. Ulijua?"

"Nilijua."

Akainuka, akasema ana kesi saa nane, akaufunga mlango polepole, kwa adabu.

Mganga alikusanya vitu vyake bila kumwangalia mtu. Mama alikimbilia jikoni kulia. Jaji alibaki mezani, na mbele yake kiti alichoinuka kaka kikalia kidogo, kama kimekaliwa.

"Mimi siendi popote," ile sauti ilimwambia, kwa upole. "Fungua kitabu, mdogo wangu. Tuendelee."