Kuku Ndani ya Kaseti

Kinusi kilipanda juu ya kaseti kwa miguu yake sita, kikashusha pua yenye nywele elfu nane, kikanusa. Kilikuwa na ukubwa wa kobe na adabu za karani wa mahakama. Kwa dakika tatu kilipima harufu ya lehemu iliyochomelewa miaka sabini nyuma, kikahesabu mikwaruzo ya plastiki, kikaisoma programu yote iliyolala ndani ya chipu bila kuicheza hata mara moja. Kisha kikazungumza.

"Naomba kutaarifu. Nakala ya wizi. Imetengenezwa na Kampuni ya Joka Jekundu, iliyojiita Nyota Saba. Zamu ya mchana. Fundi aliyechomelea alitumia mkono wa kushoto."

Wageni waliosimama nyuma ya kioo walipiga makofi. Mhandisi Nakundwa Mbwambo, mama wa Kinusi kwa maana ya kukiunda, aliinamisha kichwa kidogo kupokea sifa. Lakini moyoni hakuwa na raha, maana ilikuwa Alhamisi.

Mwaka huo wa 2064, Jumba la Kumbukumbu za Michezo la Tanga lilikuwa na kaseti elfu sita za gemu za zamani, zile zilizochomekwa kwenye mashine na kuwakeshesha watu mbele ya televisheni. Nyingi zilikuwa feki, na walioziiga walijificha nyuma ya majina ya uongo. Kinusi kiliwavua vinyago mmoja baada ya mwingine. Sheria ilikuwa nyepesi: kaseti yenye mtengenezaji anayejulikana iliandikwa kwenye Daftari la Urithi na kutunzwa. Isiyo na mwenyewe ilipelekwa kwenye kinu, ikasagwa, madini yake yakachujwa.

Kaseti arobaini na moja zilikuwa zimekishinda. Zote zilikuwa za mchezo mmoja, na lebo zake zilikuwa na herufi nne za Kijapani. Chipu zilitoka nchi nne tofauti, na lehemu ilinuka mafuta ya taa. Kila mara Kinusi kilisema, "Mtengenezaji hajulikani." Gari la kinu lingekuja siku hiyo saa kumi jioni, na Nakundwa alijisikia kama mtu anayesubiri kuzika.

Asubuhi hiyo, wageni walipoondoka, alitoa mashine ya zamani kabatini. "Angalau nikuage," aliiambia kaseti mojawapo. Akaipuliza chini, kama alivyosoma kwamba watu wa zamani walifanya, akaichomeka.

Kwenye skrini akatokea kuku. Alikuwa mnene, kabeba kikapu kichwani, na alikuwa anakimbia juu ya mapaa ya mabati huku kunguru wakimshambulia. Nakundwa alikufa mara tatu ndani ya dakika moja, akacheka peke yake.

"Mhandisi mzima unacheza gemu?" aliuliza Bwana Kisanji, msimamizi wa jumba, aliyeingia na kikombe cha chai.

"Miaka minne tunazichunguza hizi, bosi. Kuna hata mmoja wetu aliyewahi kucheza?"

Kisanji akavuta kiti. Wakatazama jua la kuchorwa likichomoza nyuma ya mapaa. Kwenye pembe ya skrini palikuwa na saa ndogo, nayo ilisoma 12:00. Kuku akakimbia, akafa, akafufuka. Jua lilipofika utosini, saa ilisoma 6:00.

"Hitilafu ya programu," Kinusi kilisema kutoka mezani. "Saa imekosewa kwa saa sita. Imo kwenye ripoti, ukurasa wa tisa."

Nakundwa aliacha kubonyeza. Kunguru wakamla kuku.

"Kinusi, leo jua limechomoza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika kumi na..." Mashine haina haya, lakini siku hiyo ilikaribia. "Ndani ya programu, ulinifundisha kuhesabu kwa saa za ng'ambo."

"Ni kweli, kosa ni langu." Akanyakua kaseti nyingine, akaielekeza lebo kwa Kinusi. "Hiyo si hitilafu. Hiyo ni saa yetu! Hebu soma zile herufi za lebo."

"Neno hilo halimo katika kamusi yoyote ya Kijapani, ndiyo maana sikuliwasilisha."

"Lisome tu kwa sauti."

"U. Ta. Ko. Ma."

Kisanji alimwaga chai. Alicheka mpaka akashika meza. "Utakoma! Kampuni inamwambia mteja wake utakoma!"

Kilichobaki kilikuwa mtu. Daftari lilitaka mwenye kampuni, jina na ushahidi. Kabla ya saa tano picha ya kuku na neno lile vilikuwa vinawaka kwenye vibao-nuru vya jiji lote. Nakundwa akakaa kusubiri, anaitazama saa kila dakika.

Saa tisa kasoro kiti-tembezi kiliingia ukumbini kwa miguu yake minne, kimembeba bibi wa miaka themanini na tisa aliyevaa dera la njano.

"Shikamoo bibi," Nakundwa alisema.

"Marahaba mwanangu. Nani kamtundika kuku wangu barabarani bila kuniuliza?"

Aliitwa Bi Mgeni Athumani, fundi redio mstaafu. Herufi za Kijapani alijifunza kwenye kitabu kilichokuja na gari la mtumba la shemeji yake.

"Tunahitaji ushahidi, bibi," Kisanji alisema kwa upole.

"Lete hapa." Akanyakua kidhibiti. Vidole vilivyokuwa vimejikunja kwa uzee vikakunjuka. Kuku akaruka mapaa sita bila kuguswa. Kwenye paa la saba, kunguru wakimjia kwa makundi, Bi Mgeni akaweka kidhibiti mapajani.

"Kimbia bibi!" Nakundwa alipiga kelele.

"Tulia. Tazama saa. Magharibi kuku anakimbilia wapi?"

Saa ikasoma 12:00, giza likashuka juu ya mapaa, na ukuta ukafunguka. Lilikuwa banda. Ndani wamekaa kuku wawili kwa kubanana, mmoja mnene, mwingine amejifunga kilemba.

"Sehemu hii niliiandika kuwa haitumiki," Kinusi kilikiri.

"Mnene ni mimi. Wa kilemba ni shoga yangu Sikujua Mbaruku, yeye ndiye mchoraji. Mimi niliiba programu ya watu, siwafichi, lakini kuku ni wake. Na saa ni yake. Alisema jua kutoka saa sita ni uongo mtupu." Bi Mgeni akaanza kucheka kabla ya kusimulia. "Siku moja wakaguzi wakatuvamia. Mwenye mali nani? Tukawajibu kweli tupu: Mgeni na Sikujua. Wakaandika mwenye mali ni mgeni, na mashahidi hawakumjua. Wiki nzima wanamtafuta huyo mgeni bandarini!"

Nakundwa na Kisanji wakaangua kicheko. Bi Mgeni alicheka nao, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio, na akaendelea kuyafuta.

"Lakini tuliogopa. Tukaapa tusitaje tena. Sikujua hakuchora mstari mwingine maisha yake yote. Amefariki mwaka wa kumi na moja sasa. Wajukuu zake wanamkumbuka kwa vitumbua tu, na mimi hata msibani sikufungua mdomo."

Miaka minne Nakundwa alikuwa anawinda wezi, na hakuwahi kujiuliza kama mwizi naye alikuwa na shoga yake.

Nje, gari la kinu likapiga honi. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Kinusi, fungua Daftari. Kampuni, Utakoma. Mmiliki wa kwanza, Mgeni Athumani."

"Nimeandika. Na mmiliki wa pili?"

"Sikujua," Bi Mgeni alisema.

"Naomba kutaarifu. Nimeandika: hajulikani."

"Hata wewe!" Bi Mgeni akapiga paja lake.

Nakundwa alipiga magoti mbele ya mashine aliyoiunda kwa mikono yake. "Futa hilo. Andika kwa herufi kubwa mwanzoni, Sikujua Mbaruku. Mchoraji wa kuku."

Nywele elfu nane za Kinusi zikatikisika.

"Sikujua Mbaruku, mchoraji wa kuku," kikarudia. "Anajulikana."