Jina la Asia Limeingia Kwenye Kanda

"Asiaaa! Asia, binti ya Amadi! Amadi mwenye lori ya bluu!"

Sauti ya mpiga ngoma ilipaa juu ya mapigo yake. Asia, aliyekaa karibu na dirisha na binamu yake Kadija, alihisi moyo unataka kuruka nje.

Ilikuwa matinee, dansi ya mchana wa Jumapili, mwaka 1975, ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi mtaani Kapata umejaa hadi mlangoni. Bendi ilipiga jazz yake yenye fujo za rock. Gitaa na saksafoni vilikuwa vimenyamaza, akabaki Badibanga peke yake, kiongozi wa bendi, anapiga ngoma zake kama mtu anayeota macho wazi. Mbele yake mashine ya fundi kutoka Lubumbashi ilizungusha kanda taratibu, ikinasa kila kitu ili kitoke kwenye sahani ya santuri.

"Umesikia?" Kadija alimfinya. "Jina yako imeingia mu disque! Tata atatuua!"

"Acha aite," Asia alisema, macho kayafumba. "Mi niko mu mawingu, Kadija. Usinishushe."

Hakuhitaji kushushwa na Kadija. Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, baba yake, Tata Amadi, alikuwa ameshapata habari. Mzee huyu alikuwa na malori ya kwenda Sandoa, na kwao, Waislamu waliotoka Kasongo, jina la binti ambaye hajaolewa halitajwi penye pombe. Na Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Badibanga alitarajiwa kuleta posa.

"Ijumaa hakuna muntu anakuya hapa!" mzee alifoka. "Ule mupiga ngoma nilimuvumilia. Alisilimu, nikasema sawa. Sasa anatangaza mutoto wangu mu bar sawa vile samaki ya soko?"

"Tata, hakutaka kunipatisha haya..."

"Ile jina itoke mu bande ya ule fundi. Ikibakia, utaolewa Sandoa, ku mutoto wa rafiki yangu Abibu. Nimemaliza."

Asia alimwandikia Badibanga, Kadija akapeleka barua mbio. Jibu likaja adhuhuri:

"Asia wangu, kwetu Kasai, muntu mwenye unaheshimu unamuita jina mbele ya bantu, na jina ya baba yake unaongeza. Nilizani niko namupatia Tata heshima. Sikuyua. Sasa jina iko juu ya ngoma. Ukitoa jina, ngoma nayo inatoka. Fundi anarudia Lubumbashi kesho."

Asia akalia mpaka kitenge kikalowa. Halafu akafunga kilemba, akamshika Kadija mkono, wakaenda ukumbini. Walimkuta fundi Mukalay na wembe mkononi, Badibanga kando yake, macho mekundu.

"Usikate!" Asia alisema.

"Baba yako..." Badibanga alianza.

"Tutamuambia imetoka. Tata hasikilizake disque, ni radio tu."

Mukalay alishusha wembe. Lakini Badibanga akatikisa kichwa.

"Niingie mu nyumba yenu na uongo mu mufuko? Hapana, mama. Ngoma nitapiga tena."

"Hautapiga tena sawa ile."

"Yee, sitapiga. Ile ilikuya yenyewe, mara moja." Akamgeukia. "Lakini ngoma ziko mingi. We, sina mwingine. Nakupenda, Asia. Kata, Mukalay."

Mukalay akakata. Asia hakuweza kutazama. Akakaa kwenye sanduku la gitaa, akageuza uso.

Ijumaa baada ya swala, ingawa hakuitwa, Badibanga alibisha hodi na mjomba wake Tshimanga. Akapiga magoti, akaweka bahasha mkekani.

"Tata, jina ya mutoto wako iko humu. Niliichukua bila ruhusa, nairudisha. Hakuna ingine."

Tata Amadi akavuta utepe wa kahawia, ukatoka, ukaendelea kutoka, mpaka ukajaa mapajani.

"Jina moja, murefu hivi?"

"Iko na ngoma yake, Tata. Haikukubali kutoka peke yake."

"Na disque yako itakuwa muzuri bila hii?"

Tshimanga akakohoa, akimpa ishara aseme ndiyo.

"Hapana, Tata," alisema Badibanga. "Itakuwa bure."

Nyuma ya pazia Asia aliuma kidole. Mzee akauviringisha utepe polepole.

"Banasema uliniita na mimi."

"Nilikuita, Tata."

"Na lori?"

"Na lori yako ya bluu."

Mzee akageukia ukuta, lakini Tshimanga aliyaona mashavu yake yakivimba kwa kicheko.

"Bantu balipiga makofi?"

"Sana, Tata."

"Hm. Ule fundi anaweza kuibandika tena?"

"Anaweza."

"Basi angojee. Jina ya binti yangu itabakia kwangu mpaka siku ya ndoa. Jina ya bibi yako utaiita vile unataka, hata Kinshasa basikie. Tshimanga, leta maneno yenu ya posa."

Asia akaanguka kifuani kwa Kadija, akilia na kucheka kwa mpigo.

Walioana mwezi uliofuata. Wageni wote walidhani mzee angemshika binti mkono na kumleta, lakini alitokea peke yake mlangoni, akampa bwana harusi ile bahasha yenye utepe.

"Shika jina kwanza," alisema. "Mwenyewe anakuya."

Na Asia akatoka.