Mgeni wa Venisi

Falis ndiye aliyeanza kusikia harufu ya maji yaliyooza. Ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa ukame, na kule Kiwanjani, Isiolo, watu walipanga foleni kutwa nzima kwa debe moja la maji.

"Shamis, nani amemwaga maji chumbani kwangu?" aliuliza.

Shamis, mke wa mwanawe, alipapasa sakafu. Ilikuwa kavu. "Hakuna maji, hooyo," alimjibu, akimwita mama kwa Kisomali, lakini harufu ile aliijua.

Wiki iliyopita yeye na mumewe Elmi, mwenye malori ya kubeba mbuzi, walikuwa wamerudi kutoka Venisi, mji wa kale wa Italia, walikokwenda kumwona ndugu yake Elmi, baharia aliyeoa huko. Elmi alicheka kila siku: mji mzima hauna lori hata moja, barabara zake ni maji. Walitoka kutafuta mkate wakapotea vichochoroni, wakavuka daraja baada ya daraja na kujikuta pale pale walipoanzia. Walikula wamesimama, kama wenyeji. Shamis alivimba miguu, mchana akawa anabaki nyumba ya wageni, na huko ndiko alikomsikia mwanamke akikohoa nyuma ya ukuta.

Alikohoa vibaya, kama mtu aliyepaliwa. Siku ya kuondoka Shamis alimwonea huruma, akamwambia kwa adabu aliyolelewa nayo, "Pole, mama. Ukipona, karibu kwetu Isiolo."

Kikohozi kikakatika papo hapo. Mwenye nyumba alipoulizwa kuhusu mgonjwa huyo, alimshika Shamis mkono, akafungua dirisha na kumwonyesha. Nyuma ya ukuta ule hapakuwa na chumba. Yalikuwa maji tu, mazito, ya kijani, yakilamba mawe.

Sasa kikohozi kilikuwa Kiwanjani. Kilianza alasiri, jua likiwaka, ndani ya ukuta wa Falis, kisha kikahamia chini ya kitanda chake, hata Shamis alipomletea chai akamkuta bibi kizee ameketi wima, midomo imelowa, macho yamemtoka, akizungumza kwa sauti isiyo yake, taratibu, akieleza daraja walikopotea na mkate waliokula wamesimama na jinsi Elmi alivyocheka, mambo ambayo hakuna aliyemsimulia, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilitoa mlio wa mtungi unaojaa.

"Nilikuwa nyuma yenu," alisema. "Hamkugeuka."

Elmi alimleta Maalim Boru wa mtaa wa Wabera, aliyezoea kusomea watu wenye majini. Alisoma mpaka kanzu ikamganda mgongoni.

"Nani alikuleta?" aliuliza.

"Nilikaribishwa." Kidole cha Falis kikamwelekea Shamis.

Maalim alinong'ona, "Wewe ndiye mwenyeji wake. Muage."

Shamis alipiga magoti. "Ugeni umekwisha," alisema. "Rudi kwenu."

Ile sauti ikauliza kwa upole, "Nani atanisindikiza?"

Maalim aliacha kusoma. Elmi alimshika mkewe bega. "Usijibu," alimwambia sikioni.

"Njia siijui. Nani atanisindikiza?"

Kutoka chumba cha pili, alikolala Asho, binti yao mdogo, mtoto akaanza kukohoa.

Shamis alifungua kinywa, lakini mkono wa Falis ukamziba. Macho ya bibi kizee yalikuwa yake mwenyewe, yamechoka.

"Mwache mtoto," alisema kwa sauti yake. "Nitakusindikiza mimi. Shamis, nipe viatu vyangu."

Shamis alimvalisha huku akilia. Falis alikata roho kabla ya magharibi, na Asho hakukohoa tena.

Walimzika asubuhi. Kaburi lilichimbwa kwa sururu, ardhi ngumu kama jiwe, vumbi likiwajaa wachimbaji machoni. Elmi alitupa donge la kwanza, akainamisha kichwa.

Lilianguka majini.