Pumzi Ndani ya Kabati la Abdullatif

Rosina, mtumishi wa nyumba, alikifuta kioo cha kabati mara tatu kabla ya kugundua kwamba ukungu ule ulikuwa kwa ndani.

Ilikuwa saa saba mchana, Agosti 2015, ghorofa ya kumi na nne, Al Jaddaf, Dubai. Nje jua lilikuwa la kuchubua ngozi, ndani kiyoyozi kilivuma. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo bwana mwenye nyumba, sir, alitembea nao mfukoni. Doa la ukungu lilikuwa kubwa kama kiganja. Lilififia, likarudi, likafifia tena, kama vile mtu aliyeegemeza mdomo kwenye kioo akawa anapumua polepole.

Kabati hilo lilikuwa la Abdullatif, na huyu Abdullatif inafaa aelezwe, maana yaliyotokea yalitokana na jinsi alivyo. Alizaliwa Dubai, wazazi wake watu wa Unguja. Alikuwa meneja wa kampuni ya viyoyozi, na kila kiangazi alikwenda Ulaya kufuata nyayo za watunzi wakubwa wa muziki. Ala yoyote hakujua kupiga. Noti hakuzisoma. Alichojua ni anwani. Salzburg alisimama mbele ya nyumba aliyozaliwa Mozart akalia, na alipomaliza kulia akaomba apigwe picha, kisha akalia tena kwa sababu ya kwanza haikutoka vizuri. Vienna alizunguka siku nne akitafuta nyumba alizowahi kupanga Beethoven, nazo ni nyingi, kwa kuwa mzee yule alikuwa hatulii pahala pamoja. Kila aliporudi alileta kitu: jani, kokoto, ganda la rangi alilobandua ukutani kwa ukucha. Vyote viliingia kabatini na vibandiko vyao.

Na kila aliporudi aliwaona watu wa nyumbani kwake wamepungua kimo. Taarabu za mkewe Afra aliziita kelele za jikoni. Rosina, mtu wa Songea aliyeimba kwaya kanisani kila Ijumaa, siku ya ibada huko Dubai, alikatazwa kuimba akipiga pasi.

"Sir," Rosina alimwambia jioni ile, "kabati lina unyevu kwa ndani. Pale kwenye kile kibao kipya."

Abdullatif alifungua kabati kwa madaha, si kwa sababu ya unyevu, bali kwa sababu alipata wa kumsimulia. Akautoa ubao. Ulikuwa mweusi, mrefu kama mkono, na mwisho wake umelika shimo laini lenye umbo la kisigino.

"Mji mdogo Ujerumani," alisema, akimtazama Afra. "Kanisani mwao mna kinanda kikubwa cha mabomba, na mtunzi mkubwa kuliko wote alikaa siku mbili kukijaribu. Siku mbili tu. Mlinzi alipokwenda kupokea simu nikapanda nyuma ya kinanda nikaung'oa huu. Ameukanyaga kwa mguu wake. Tazama kisigino."

"Umeiba kanisani," Afra alisema.

"Nimeokoa."

Rosina aliutazama ubao. Babake mzazi, kabla umeme haujafika misheni kwao, alikuwa akikanyaga mivukuto ya kinanda cha kanisa. Yeye alikua akimpelekea maji kule nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha ambako mtu mmoja hupanda na kushuka juu ya mbao ili kinanda kipate upepo wa kulia.

"Samahani, sir. Mpigaji hakanyagi huu. Huu ni wa mkanyaga mivukuto. Mpigaji anakaa mbele, huyu anakaa nyuma. Kisigino hiki ni cha huyo wa nyuma."

Abdullatif alicheka kwa pua. "Rosina, mimi juu ya mtu huyu nimesoma vitabu arobaini. Wewe umesoma maelekezo ya sabuni. Khalas, nenda jikoni."

Rosina akaenda jikoni.

Siku ya tatu zikaanza pumzi. Zilikuja baada ya adhuhuri, mwanga ukiwa mkali kiasi kwamba sebuleni hapakuwa na kivuli hata chini ya meza. Kitu kilivuta hewa kwa kina, kama ngozi kavu inayotanuliwa, kikanyamaza, kikaishusha. Pamoja nayo ikaja harufu ya jiwe lililolowa na nta iliyozimwa. Abdullatif alimwita fundi kutoka kazini kwake, fundi akazima kiyoyozi, na nyumba ilipoanza kuchemka wote wanne wakasimama wakisikiliza pumzi zile zikiendelea, zikitoka kabatini baridi, zikiwapitia miguuni. Fundi alikusanya vifaa vyake bila kudai saini.

"Ni nini hiki, bwana?" Afra alinong'ona.

Uso wa Abdullatif uling'aa. "Amekuja," alisema. "Katika watu wote waliowahi kumfuata, amenijia mimi."

Kuanzia siku hiyo alivaa suti kila adhuhuri. Aliweka kiti mbele ya kabati akalisalimia kwa Kijerumani cha kujifunza kwenye simu. Ijumaa iliyofuata akawaalika watu tisa wa klabu yake ya muziki, baada ya alasiri, waje wasikie. Walikuja, wakashika glasi za juisi, wakasimama na vichwa upande kama kuku wanaotafuta punje. Akawahutubia dakika ishirini.

Kwanza hapakuwa na kitu, na wengine wakaanza kutazama saa. Kisha harufu ya jiwe ikapanda, na sauti moja ikalia, noti moja nene isiyo na mwanzo, na Rosina, aliyekuwa mlangoni na sinia, akaona kwamba mama mmoja wa mbele alikuwa anapumua sawia na mwenzake, na mwenzake sawia na wa nyuma yake, na kwamba chumba kizima, wageni tisa na Afra na yeye mwenyewe Rosina, vifua vyao vilikuwa vinapanda pamoja na kushuka pamoja, wakivutwa na kukamuliwa na kitu ambacho hakikuwauliza, na kila walipotaka kushusha pumzi mapema ili wapige kelele waliona haishuki, inangoja, imeshikiliwa na kitu kingine, mpaka noti ilipokwisha na wote wakaangukia magoti wakikohoa.

Waliondoka bila kuaga. Mmoja aliacha kiatu.

"Hawana masikio," Abdullatif alisema, akifunga mlango.

Siku ya pili yake Rosina alikuwa anaosha vyombo alipoona mguu wake wa kulia umenyanyuka. Ukakanyaga. Ukanyanyuka wa kushoto. Alishika ukingo wa sinki, akautaja msalaba, akajaribu kuuzuia mguu kwa mkono, na mguu ukaunyanyua mkono pamoja nao. Ukampeleka sebuleni mbele ya kabati. Afra aliporudi kutoka sokoni alimkuta pale, midomo imekuwa ya kijivu, anapanda na kushuka juu ya zulia kama mtu apandaye ngazi isiyofika, na kabati likilia ile noti yake moja.

"Madam," Rosina alisema kwa pumzi fupi, "niondoe."

Afra alimvuta, hakuvutika. Abdullatif alikuwa kitini, na suti yake.

"Anaigiza," alisema. "Anataka naye aonekane. Kesho nafuta viza yake, arudi kwao akakanyage mahindi."

Afra alimpigia simu Maalim Thuwein, mzee wa Kiunguja aliyekuwa akijaza fomu za watu katika ofisi ndogo ya uchapaji Bur Dubai, na baada ya kazi akisomea wagonjwa. Alifika na mfuko wa plastiki wenye ubani na chupa ya marashi, bado kalamu mbili zimo mfukoni mwa shati. Akamtazama Rosina, akalitazama kabati, akaketi chini akaanza kusoma. Alisoma mpaka kioo kikajaa ukungu wote. Ndipo akauliza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiswahili:

"Wewe nani?"

Jibu lilitoka kwa Kiswahili kibovu, la mtu aliyejifunza kwa kusikiliza nyumba hii, neno moja kwa kila pumzi iliyoshuka.

"Nilikaa. Na. Mkanyagaji. Miaka. Arobaini. Akafa. Nikabaki. Na. Ubao."

"Na mtunzi?" Abdullatif aliuliza kwa haraka.

"Alikuja. Siku. Mbili. Akasema. Upepo. Mdogo."

Maalim alimgeukia Afra. "Maiti harudi, mwanangu. Huyu ni jini. Alimwandama mtu, mtu kafa, yeye kabakia na kazi ya mtu." Akaliambia kabati: "Mtoto wa watu unamtakia nini?"

"Anajua. Kukanyaga."

"Mwache. Ubao utarudi kule kanisani."

"Aseme. Aliyeuchukua."

Wote walimtazama Abdullatif. Maalim alimwambia kwa upole cha kusema: kwamba aliuiba, kwamba si wa yule aliyedhani, kwamba ataurudisha. Maneno yasiyojaza hata kiganja. Rosina alikuwa hawezi tena kushika kichwa chake wima. Kila alipokanyaga kilidunda kifuani.

"Sema, bwana," Afra alinong'ona. "Atakufa."

"Mimi," Abdullatif alisema, "nipande ndege kumfuata mtunzi mkubwa, halafu nisimamishwe nyumbani kwangu kumwomba radhi jini wa kibarua?" Alitikisa kichwa, akatabasamu kama mwalimu mbele ya wajinga. "Huyu si jini wa mtu wa nyuma. Ni yeye mwenyewe, ananijaribu." Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaliinamia kabati. "Bwana Mkubwa, mwache huyu mtumishi. Piga. Nitakukanyagia mimi."

Maalim aliziba mdomo wake kwa mkono. "Astaghfirullahi," alisema. "Amejitoa mwenyewe."

Rosina alianguka kama kamba iliyokatwa. Kisha mguu wa kulia wa Abdullatif ukanyanyuka, ukakanyaga, na wa kushoto ukafuata, na kabatini ikalia noti, tena nyingine pembeni yake, tena ile ya kwanza, bila mpango wowote, vidole vya kitu ambacho miaka yote ile hakikuwahi kuruhusiwa kugusa kinanda na sasa kilikuwa kinakigonga kama kitoto kinavyogonga sufuria.

"Mnasikia?" Abdullatif alisema, machozi yakimtoka. "Mnasikia uzuri huu?"

Maalim alisoma mpaka magharibi, akasoma tena kesho yake. Haikusaidia. Abdullatif mwenyewe alikuwa hataki kutolewa.

Siku ya tatu Afra alivunja kioo kwa mchi, akaufunga ubao kwa taulo, akautuma kwa kampuni ya vifurushi kwenda kule kanisani, kwa anwani aliyoiandika mumewe mwenyewe kwenye kibandiko. Siku tisa Abdullatif alikanyaga zulia, usingizini na macho, mpaka likatoboka mahali pawili. Mchana kifurushi kilipopokelewa, aliketi. Nyumba ikawa kavu, harufu ikaondoka. Lakini aliketi tu. Macho yalikuwa wazi, kifua kilisogea kidogo mno hata daktari akaweka kioo cha mkononi kwenye pua yake kuhakikisha. Walimpima kila kitu, wakamrudisha nyumbani na karatasi zisizosema neno.

Mwezi Oktoba barua pepe ilimfikia Afra kutoka kwa mchungaji wa kule. Aliwashukuru kwa uungwana wao. Ubao ulikuwa umefungwa mahali pake. Alikuwa na swali moja. Kinanda chao kilikuwa kikitumia mota ya umeme kwa miaka mingi, na chumba cha mivukuto kilikuwa na kufuli. Hata hivyo kila siku baada ya saa sita mchana walisikia mtu humo ndani. Walikuwa wamemrekodi. Alisema lugha wasiyoijua; je, wao walimjua ni nani?

Afra aliweka simu juu ya meza ya jikoni akaifungulia rekodi ile, Rosina amesimama pembeni yake. Walisikia mbao zikipanda na kushuka, na mtu anayehema vibaya sana.

"Afra," sauti ilisema. "Nimechoka. Waambie waje kunipokea. Afra, hapigi muziki, anagonga tu. Waambie mimi ni nani."

Rosina alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya madam.

"Tukiuomba ule ubao, sir atarudi nao," alisema kwa sauti ya chini.

"Na yule?"

"Naye."

Afra alimtazama mumewe upande wa pili wa meza, bakuli mbele yake. Alisikiliza rekodi yote tena, mpaka mwisho. Halafu akaandika kwa Kiingereza, maneno machache na ya adabu, kwamba sauti ile hawakuifahamu, akatuma, akachukua kitambaa akamfuta Abdullatif uji kidevuni.