Dizeli Ajifunza Kusikia

Kila alfajiri, trekta za shamba la ngano ziliponguruma, Zita aliamka kuwasha moto. Walikaa Dirma, karibu kabisa na mpaka wa shamba kubwa la serikali. Mume wake, Bura, alikuwa dereva wa trekta. Alikunywa chai upesi, akavaa koti lake la buluu, akaondoka. Zita alibaki na binti yao Juliana, mbuzi wanne, kuku, na mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Dizeli. Bura ndiye aliyempa jina hilo. Dizeli alipokuwa mdogo alinguruma mfululizo, kama injini asubuhi ya baridi. Sasa alikuwa mkubwa, wa rangi ya kahawia, mwenye kifua kipana. Alikuwa na nguvu nyingi. Tena hakumsikia mtu yeyote.

Dizeli alifukuza kuku. Alirukia wageni. Alikimbiza ng'ombe wa Gidamis, jirani yao mfugaji, mpaka wakatawanyika mbugani. Siku moja Gidamis alikuja nyumbani na mkuki wake.

"Mama Juliana," alisema kwa upole, "mbwa wako akimgusa ndama wangu, nitamchoma. Nakwambia mapema kwa sababu wewe ni jirani yangu."

Zita aliomba radhi. Alimpiga Dizeli kwa fimbo, akamfunga kwa kamba mchana kutwa. Jioni alipomfungua, Dizeli alitoka mbio zaidi kuliko jana.

Mwezi wa pili, mama yake Bura alikuja kutoka Tumati kukaa nao. Jina lake Konsolata. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache. Alishuka kwenye lori la shamba na kikapu cha viazi. Zita alikimbia kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

Kabla Zita hajajibu, Dizeli alifika kama jiwe lililorushwa. Alikuwa na furaha tu. Aliruka akaweka miguu yote miwili ya mbele juu ya kifua cha bibi. Konsolata alianguka chali. Viazi vikatawanyika. Alipojaribu kuinuka, mkono wake wa kulia ulikataa.

Kwenye zahanati ya shamba, mganga alisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Alimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe. Bura alisimama mlangoni, uso umekunjamana kwa hasira.

"Jumapili sifanyi kazi," alisema. "Nitammaliza mbwa yule."

"Mmalize," alisema Konsolata. "Akibaki yeye, mimi narudi Tumati."

Juliana, ambaye alikuwa na miaka minane, alianza kulia. Yeye ndiye aliyemlea Dizeli kwa maziwa ya mbuzi.

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja akisubiri dawa ya kikohozi. Aliitwa Xavery. Kazi yake ilikuwa kutunza mbwa wa kulinda maghala ya ngano. Alisikia maneno yote.

"Samahanini," alisema. "Mama aling'atwa?"

"Hapana," alijibu Zita. "Aliangushwa tu."

"Hata kuchubuliwa kwa meno?"

"Hata kidogo."

"Afadhali. Mtu aking'atwa na mbwa, lazima aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, muda mrefu. Kisha aende hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu, hakuna dawa." Alimgeukia Bura. "Mwanangu, mbwa wako si mbaya. Hajafundishwa. Jumamosi mchana tunakutana uwanjani, nyuma ya ghala. Tuna chama."

"Chama gani?"

"Chama cha mbwa."

Bura alicheka ingawa alikuwa na hasira. "Chama cha ushirika nakijua. Cha mbwa kina katibu pia?"

"Kina wanachama tisa na mbwa kumi na mmoja. Njoo uone. Jumapili yako haitakimbia."

Juliana alimshika baba yake mkono. Bura akapumua kwa nguvu. "Jumamosi moja tu," alisema.

Jumamosi hiyo walikwenda wote. Hata Konsolata alikwenda, mkono ukining'inia kwenye kitambaa. Alisema anataka kuuona wazimu huo kwa macho yake.

Uwanjani watu walisimama kwa kuachana nafasi, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba. Bwana mifugo alikuwepo na sanduku la barafu. Alimdunga Dizeli chanjo ya kichaa cha mbwa, akampa Zita kadi.

"Bila kadi hii mbwa haingii uwanjani," alisema. "Chanjo inarudiwa kila mwaka. Usisahau."

Kisha Xavery akamleta mbwa wake, jike jeusi lililozeeka. Aliweka kipande cha nyama chini. Akasema, "Lala." Mbwa akalala. Xavery akaondoka. Alitembea mpaka upande wa pili wa uwanja, akageuka, akasimama.

Nyama ilikuwa hatua moja kutoka puani mwa mbwa. Inzi walitua juu yake. Mbwa hakutikisika. Hakuiangalia nyama. Alimwangalia Xavery tu, kana kwamba dunia nzima haina mtu mwingine.

Tangu azaliwe Zita alikuwa akiwaona mbwa. Hakujua kwamba ndani yao kuna kitu kama hicho.

"Njoo!" aliita Xavery. Mbwa akaivuka nyama bila kuigusa, akakimbia, akakaa miguuni pake.

"Ni dawa," alinong'ona Bura. "Amempa dawa."

Xavery alimsikia. "Ndiyo, nimempa dawa. Inaitwa subira. Sasa mwite mbwa wako."

Mwanachama mmoja alimshika Dizeli mbali kidogo, kisha akamwachia. Bura akapaza sauti. "Dizeli! Wewe! Hebu njoo hapa! Njoo nakwambia, mshenzi wewe!" Zita naye akaita, "Dize! Dize! Chukua!" Juliana akapiga mluzi. Dizeli aliwatazama wote watatu. Kisha akaenda kunusa kichaka.

"Mbwa ameitwa kwa maneno mangapi?" aliuliza Xavery.

Konsolata akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. "Hata mimi nisingejua niende kwa nani."

"Umesema kweli, mama. Na akirudi, mnamfanya nini?"

Zita aliona haya. "Tunampiga. Kwa sababu amekimbia."

"Basi mnamfundisha kwamba kurudi ni kupigwa. Mbwa hajui kuwa anapigwa kwa kosa la asubuhi. Anajua tu kwamba amekuja kwako na amepata maumivu." Xavery akatoa mfukoni vipande vidogo vya ini lililochemshwa. Hakumpa Bura. Alimpa Konsolata. "Mama, naomba umwite wewe. Jina lake, na neno moja. Mara moja tu."

"Mimi? Nimwite mbwa aliyenivunja mkono?"

"Wewe huwezi kuvuta kamba, wala huwezi kushika fimbo. Umebakiwa na sauti. Ndiyo maana nakuomba wewe."

Konsolata alisita. Kisha bibi akasema, si kwa kelele, "Dizeli, njoo."

Mbwa akainua kichwa. Akaja mbio.

"Akikurukia, mgeuzie mgongo," alisema Xavery upesi. "Usimsukume. Kwake yeye kusukumwa ni mchezo."

Konsolata aligeuka, ameukumbatia mkono wake mgonjwa. Xavery alisimama karibu, tayari kumdaka mbwa. Dizeli alifika. Aliona mgongo. Alizunguka, akaona mgongo tena. Alichanganyikiwa. Mwisho akakaa chini.

"Sasa! Mpe, umsifu."

Bibi aliinama, akampa kipande cha ini. "Mbwa mzuri," alisema. Dizeli alilamba vidole vyake taratibu, kama mtu anayesoma herufi kwa mara ya kwanza. Konsolata hakuuondoa mkono. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

Jumapili ilipita. Bura alilala mpaka saa nne. Hakuna aliyezungumza habari ya kumwua mbwa, wala ya kurudi Tumati.

Nyumbani walipatana maneno manne: njoo, kaa, lala, acha. Wote walitumia maneno hayohayo. Juliana aliyaandika kwa mkaa ukutani, karibu na mlango, ili baba asisahau. Walimfundisha Dizeli dakika chache asubuhi na dakika chache jioni, akiwa bado na njaa. Akifanya vizuri alipata chakula na sifa. Akikosea hakupata kitu. Hawakumpiga tena. Hawakumfunga kutwa nzima, kwa kuwa Xavery aliwaambia mbwa anayefungwa siku zote huwa mkali. Juliana naye alifundishwa asimguse mbwa anapokula.

Haikuwa rahisi. Kuna siku Dizeli alisahau yote. Mwezi wa nne alimfukuza jogoo wa jirani, akarudi na manyoya mdomoni. Bura aliokota fimbo.

"Weka chini," alisema mama yake.

"Lakini mama, ona!"

"Naona. Tulienda haraka. Jana alikuwa akijifunza uani, leo umemwachia kati ya kuku bila kamba. Kosa ni letu. Tunarudi nyuma."

Wakarudi nyuma. Walimfundisha kwanza mahali patupu. Kisha kuku wakiwa mbali, mbwa akiwa kwenye kamba ndefu. Kisha kuku wakiwa karibu. Kisha wakamwomba Gidamis apitishe ng'ombe wake taratibu kando ya uwanja. Gidamis alikubali, ila mkuki hakuuacha. Ng'ombe walipita, wakipiga kwato na kutimua vumbi. Dizeli alilala kwenye nyasi akitetemeka mwili mzima. Hakuinuka.

Hogo lilikuwa limeshatolewa, ingawa kifundo cha mkono kilibaki kigumu. Kila jioni Konsolata alikwenda peke yake na Dizeli kwenye njia ya mbugani. Jioni moja Zita aliwatazama kutoka jikoni. Bibi alisema neno moja kutoka mbali, na mbwa akalala palepale alipokuwa. Nyuma yao mlima Hanang ulikuwa umefunikwa na wingu. Zita aliacha mboga ziungue.

Mavuno yalifika mwezi wa saba. Kombaini zilikata ngano usiku na mchana. Siku ya mwisho ya kuvuna kipande cha shamba kilichokuwa karibu nao, msimamizi aliwaruhusu wanawake waokote masuke yaliyobaki. Zita na Konsolata walikwenda na magunia. Dizeli aliwafuata, akalala kwenye mabua. Gidamis alikuwepo pia, ng'ombe wake wakisubiri kuingia kula mabua.

Katikati ya shamba palibaki ukanda mmoja tu wa ngano. Wanyama wadogo wote walikuwa wamekimbilia humo. Kombaini ilikuja ikiufuata ukanda huo, kubwa kama nyumba, visu vyake vikizunguka chini mbele. Dereva alikaa juu kabisa, ndani ya vumbi. Asingeweza kuona kitu cha kimo cha mbwa.

Sungura akachomoka miguuni mwa Zita. Akapita katikati ya mabua akielekea kwenye ngano.

Dizeli akaruka.

Zita hakuwahi kumwona akikimbia vile. Miguu yake haikuonekana. Sungura alikwenda moja kwa moja kwenye ukanda, na kombaini ilikuwa inakuja mahali palepale. Zita alipiga kelele, lakini mlio wa mashine uliimeza sauti yake.

Konsolata aliacha gunia. Alinyoosha mgongo. Akavuta pumzi.

"Dizeli! Lala!"

Haikuwa sauti ya hasira. Ilikuwa sauti ya kila jioni, ila imefunguliwa yote. Ilipita katikati ya ule mngurumo kama sindano inavyopita kwenye nguo.

Dizeli alianguka chini kwenye mabua. Aliteleza kwa kasi yake mwenyewe, kifua kikiburuza ardhi, akasimama. Kombaini ikapita mbele yake, hatua tano kutoka puani. Visu vilizunguka. Makapi yakamwangukia mgongoni kama mvua. Mbwa hakuinua hata kichwa.

Mashine ilipopita, ukanda ulikuwa umekwisha. Dereva aliona wanawake wamesimama wameshika midomo, akazima injini. Kimya kikashuka juu ya uwanda wote. Dizeli alikuwa palepale, amelala, amemkazia Konsolata macho.

"Njoo," alisema bibi.

Akaja. Akakaa. Konsolata alipiga magoti, akamkumbatia shingoni, akafuta makapi mgongoni pake. Zita alitokwa na machozi bila kujua.

Gidamis alisogea polepole. Alichomeka mkuki wake ardhini.

"Mama," alisema, "nimezeeka na mifugo. Sijaona mnyama anayekimbilia kifo, kisha akamsikiliza mtu."

"Si mimi," alijibu Konsolata. "Ni kila siku. Kidogo kidogo, kila siku."

Jumamosi iliyofuata Gidamis alifika uwanjani na mbwa wake watatu. Majirani wengine walikuja, wengine kutoka mbali kama Gitting. Bwana mifugo aliishiwa chanjo mapema, akaahidi kurudi wiki ileile, naye akarudi. Mbwa wa kurandaranda walipungua. Ndama hawakukimbizwa tena, na watoto wakaenda shule bila kubeba mawe mkononi.

Mwaka uliofuata Xavery alihamishiwa shamba lingine. Siku ya kuaga, wanachama walimwuliza nani atashika nafasi yake. Xavery alitembea tu mpaka kwa Konsolata, akampa kamba yake ndefu.

Bibi aliipokea kwa mkono wake wa kushoto. Akasimama katikati ya uwanja, mwembamba, khanga imekazwa kiunoni. Mbwa ishirini na wawili walikuwa wamemzunguka, kila mmoja na mwenyewe. Wengine walibweka, wengine walivuta kamba.

Konsolata alisubiri. Kisha akasema neno moja, na wenye mbwa wakalirudia pamoja kwa sauti ya chini.

Mbwa ishirini na wawili wakalala. Uwanja mzima ukawa kimya, na upepo ukasikika ukipita kwenye ngano changa.