Sauti Iliyotangulia Mdomo

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi zote za nyumba ile. Mama alikuwa jikoni akilalamika kwamba sukari imekwisha na hakuna aliyeona haja ya kumwambia. Baba alikwishaondoka na mkoba wake wa vifaa kwenda kilimani. Binti yao alikuwa chumba cha nyuma, mbele ya kompyuta, vipokea sauti masikioni, daftari limefunguliwa ukurasa mpya na kalamu mbili pembeni, ya pili ikiwa ya akiba endapo ya kwanza ingegoma.

Baba yake alimwita Bi Sekunde, na jina lilikuwa limemkaa.

Baba mwenyewe alikuwa fundi simu mstaafu, na starehe yake ilikuwa redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza na wenzao wa nchi za mbali kwa kupenda tu. Mjini mawimbi yalikuwa yamejaa kelele, hivyo mitambo akaihamishia kwenye kibanda juu ya kilima, mwendo wa saa moja, akawa anaiendesha kutoka nyumbani kwa njia ya mtandao. Ukisema neno pale chumbani, linasafiri hadi kilimani, ndipo linarushwa hewani. Halifiki papo hapo. Linachelewa kidogo njiani, na kuchelewa huko ndiko kulikomnyima Bi Sekunde usingizi. Alikuwa ameweka redio nyingine dirishani. Sikio la kushoto alijisikia akiongea, sikio la kulia aliisikia sauti yake ikirudi kutoka hewani. Kompyuta ilirekodi pande zote mbili, naye akapima pengo.

"Siku ukiolewa," baba aliwahi kumwambia, "mumeo akichelewa kukujibu utamwandika daftarini."

"Nitamwandika, na sababu nitamtaka aiseme."

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kurekebisha waya mrefu wa antena. Kibandani kulikuwa na mitambo miwili: mdogo wa kuongelea, na mkubwa uliotuma nguvu kwenye waya. Mkubwa ukiwa umewaka, waya ule haugusiki. Unaunguza hadi mfupani, na mtu aliye juu ya ngazi si lazima aungue sana, kuanguka kunatosha. Ingefaa baba auzime mwenyewe kila mara, lakini magoti yake hayakutaka tena kuingia na kutoka kibandani. Basi wakapatana. Binti awashe mtambo mkubwa kutoka nyumbani, apime, auzime, ndipo aseme maneno mawili: "Nimezima. Panda." Bila maneno hayo baba hapandi. Akiyasikia kwenye redio yake ya mkononi, anapanda.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri. Aliwasha, akapima, akazima. "Nimezima. Panda." Sauti yake ilirudi sikio la kulia baada ya sekunde moja nukta mbili. Akaandika.

Mzunguko wa pili: sifuri nukta saba. Akafurahi. Mtandao leo umeamka vizuri.

Wa tatu: sifuri nukta moja.

Hapo kalamu ilisita. Njia ile, hata ikiwa tupu kabisa, haikuwahi kwenda chini ya sifuri nukta nne. Alijua. Alikuwa amepima miezi saba.

"Baba," alisema, "unanisikia kawaida?"

"Nakusikia vizuri mno. Kama uko hapa nyuma yangu."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nimegeuka mara mbili."

Aliuwasha mtambo mkubwa kwa mzunguko wa nne. Taa ndogo kwenye kioo cha kompyuta ikageuka nyekundu, ishara kwamba umewaka. Akainama kusoma namba. Midomo yake ilikuwa imefungwa, kofia ya kalamu ikiwa katikati ya meno.

Sikio la kulia likasema: "Nimezima. Panda."

Ilikuwa sauti yake. Yake kabisa, hadi ule mkwaruzo wa asubuhi.

Sikio la kushoto lilikuwa kimya.

"Haya, napanda," baba akajibu.

Taa ilikuwa nyekundu.

Alibonyeza kuzima. Amri nayo husafiri. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. "Baba, usiguse," alisema. "Baba. Shuka." Sikio la kushoto lilimsikia. La kulia halikurudisha kitu. Maneno yake hayakuwa yakienda popote.

Duara linazunguka.

Alihesabu vidato vya ngazi kichwani. Viko saba. Baba hupanda polepole. Sekunde mbili kila kidato.

Nyekundu.

Aliomba kimoyomoyo magoti yale yaume.

Nyekundu bado.

Kijani.

Alisikia upepo wa kilimani, na moyo wake.

"Bi Sekunde," baba akaita, "nipo hapa juu natafuta koleo, kumbe iko mfuko wa nyuma. Mbona unahema?"

"Hujagusa waya?"

"Ndiyo naushika sasa. Kuna nini?"

"Rudi nyumbani, baba. Tafadhali."

Alirudi. Alikula kwanza, kisha akasikiliza habari yote akichokonoa meno. "Ulisema ukasahau," alimwambia. "Mtu akichoka hutokea." Binti alimvika vipokea sauti, akacheza rekodi.

Baba alisikiliza upande wa kushoto, hakuna kitu. Akasikiliza wa kulia. Akavivua na kuviweka mezani taratibu, kama vitu vya moto. Jioni hiyo alipelekwa na shemeji yake hadi kilimani, akakata umeme na kufunga kibanda kwa kufuli. Hakulizungumzia tena.

Lakini alivivua mapema. Rekodi ilikuwa haijaisha.

Binti aliimalizia peke yake. Baada ya "Nimezima. Panda," upande wa kulia haukuwa na jibu la baba wala chochote alichokisikia wakati ule, bali sekunde nne za kimya. Kisha sauti yake ilisema, "Hicho kikombe kina ufa, usikitumie," na kijiko kikalia ndani ya beseni. Kisha kimya tena, sekunde kumi na tisa. Kisha: "Mama, kaa chini kwanza." Kiti kikaburutwa sakafuni. Mwisho.

Hakuwahi kusema hata neno moja kati ya hayo.

Siku ya nne alikuwa anafuta vyombo na mama yake. Waliongea habari za jirani aliyepaka ukuta rangi ya kijani, mama akisema ule si ukuta, ni kabichi. Binti alicheka, akachukua kikombe, akakiinua kwenye mwanga. "Hicho kikombe kina ufa, usikitumie," alisema, akimpa mama. Kijiko kikamponyoka mama, kikalia ndani ya beseni.

Alisimama na kitambaa mkononi.

"We," mama alisema, "umeona nini?"

Sekunde nne. Siku nne. Hakuhitaji daftari.

Kutoka siku hiyo alijua tarehe: siku kumi na tisa mbele, mama angeambiwa akae chini kwanza, kama anavyoambiwa mtu aliyefiwa. Hakumwambia mtu, maana angeanzia wapi? Alimtaka baba aende hospitali, akapimwa, akaambiwa ana nguvu za kijana. Aliuficha ufunguo wa kibanda. Aliiondoa ngazi ya nyumbani akaipeleka kwa mjomba. Na neno lile, kaa, alilikwepa kinywani kama mfupa wa samaki. Mama aliingia chumbani akasimama, naye akamsogezea kiti bila kusema.

"Siku hizi nakaribishwa kwa vidole," mama alimnung'unikia mumewe. "Mtoto amekuwa bubu wa makusudi."

Siku ya kumi na tisa baada ya kikombe, aliandika kwenye karatasi kwamba koo linamuuma. Hakufungua mdomo tangu alfajiri. Alifikiri hivi: sentensi ile ikikosa wa kuisema, basi na kilicho nyuma yake kitakosa njia. Hakuwa na hoja nyingine.

Baada ya chakula cha mchana baba alilala kwenye kochi la sebuleni, akakoroma. Binti aliketi mkabala naye. Alikitazama kifua kikipanda na kushuka. Alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kiganja, na kiganja hicho akakibana kwa cha pili.

Saa tisa na dakika nane, kiti kiliburutwa jikoni.

"Haya, nimekaa," alisikia mama akisema. "Sema."

Jikoni pakawa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza.

Baba alikuwa bado anakoroma. Kifua kilipanda, kikashuka.

Kisha mama akatoa sauti ambayo binti hakuwahi kuisikia kwake, ndogo, kama ya mtu aliyekanyagwa. Binti aligeuza shingo kuelekea jikoni. Nusu sekunde, si zaidi.

Nyuma yake, mkoromo ukakatika.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuumia. Waombolezaji walijaa sebuleni, na kila aliyeingia mama alimsimulia upya, akiwa ameushika mkono wa binti yake. "Huyu ndiye aliyenipa habari. Hakupiga kelele. Alinijia taratibu pale mlangoni, akaniambia, mama, kaa chini kwanza. Baba ametuacha. Mungu ambariki mwanangu, alinionea huruma."

Binti aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumsahihisha.

"Ila kuna jambo moja haliniingii akilini," mama humalizia kila mara, akishusha sauti. "Wakati ananiambia, mzee nilikuwa bado namsikia akikoroma."