Tope Kwenye Mabuti ya Henrik

Nilikuwa nimebeba kilo mbili za unga wa ulezi, nampelekea wifi yangu Kanyange aliyekuwa akinyonyesha. Hilo tu. Ilikuwa Agosti, mwaka tisini na tano. Jua lilishazama nyuma ya vilima vya Burundi, lakini bado unaona unapokanyaga. Kijiji chetu cha Bukiriro kizima kilikuwa vumbi.

Ndiyo maana zile nyayo zilinishangaza.

Zilitoka upande wa kinamasi zikafuata njia ya kwenda kwa mdogo wangu Pancras. Kwanza niliona alama za mabuti ya mpira, watu wawili. Damu ikanichemka papo hapo. Kisha nikainama. Ndani ya kila alama ya buti kulikuwa na unyayo mwingine, mdogo, wa mtu peku. Vidole vinaonekana.

Ulikuwa na maji.

Niseme jambo moja bila kuzunguka. Kinamasi kile nakitunza mimi, kama alivyokitunza mama. Shule sikupelekwa, kusoma nilijifunza mwenyewe, na majina ya ndege niliyatoa kwenye kitabu kisicho na jalada. Watu wakija kuwatazama korongo wenye taji, nawaingiza mimi, wanne kwa wakati, peku. Wakitoka wananawa miguu palepale ukingoni, mpaka chini ya kucha, na maji yale yanarudi kinamasini. Hakuna anayetoka na jani, hakuna anayetoka na tope. Mama alisema tope la mle lina mwenyewe, na mwenyewe hulifuata. Mimi nilidhani anatukataza tu tusichafue nyumba.

Pancras alikuwa mlangoni anapiga mluzi.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako kaa nayo! Nani umemwingiza na mabuti?"

Akacheka. "Bwana Henrik, yule fundi wa maji wa kambi ya wakimbizi. Mzungu atembee peku kwenye ruba, dada? Akaniletea na mimi mabuti, nikavaa."

"Yuko wapi?"

"Kaondoka na gari lake. Alfajiri anarudi kwao. Na Desemba, unajua anakwenda wapi? Kwenye barafu! Kusini kabisa ya dunia, hakuna hata mti. Anasema huko hushuki melini mpaka wakague mifuko ya koti lako na kusugua viatu vyako kwa brashi, isibaki hata punje ya udongo. Na ndege wao huruhusiwi kuwasogelea."

Nilimtazama.

"Kwa hiyo anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua kusafisha viatu! Kwenye barafu isiyo na mtu anasafisha, huku kwetu anaingia kama ng'ombe! Na wewe unamchekea!"

"Dada, punguza sauti, mtoto amelala..."

Ndani, Kanyange alipiga ukelele. Mdogo. Kama wa mtu aliyezibwa mdomo.

Harufu ilitupokea kwanza... mafunjo yaliyooza, samaki, kutu. Kanyange alikuwa amebana ukutani, amemshika binti yao Nice mbali na kifua chake, kama mtu anayeshika chungu cha moto. Nice alikuwa na miezi mitano. Kukaa hajui, sembuse kusimama.

Nyayo zake zilikuwa na tope.

Tope jeusi, bichi, mpaka vifundoni. Kanyange alilifuta kwa kitenge chake. Likachuruzika tena, kutoka chini ya vile vikucha.

"Nimemfuta mara nne," alinong'ona. "Wifi... kuna mtu kamshika miguu. Mimi navuta, naye anavuta."

Mtoto hakulia. Alikuwa anatabasamu, anatazama chini, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Nilimkaba Pancras kola. "Chukua mabuti yako. Kila tope uliloingiza humu, kwangua, libebe. Sasa hivi!"

Alikwangua sakafu kwa kisu, akalitia tope ndani ya mabuti. Tukakimbia, mwanga umebaki kidogo tu juu ya mafunjo. Nyuma yetu nikasikia...

Chwap... chwap... chwap...

Kwenye vumbi kavu.

"Dada, ni nani huyo?"

"Kimbia, mjinga wewe."

Ukingoni alitumbukiza mabuti majini akayasugua kwa vidole mpaka kucha zikatoa damu. Vyura wakanyamaza wote kwa mara moja. Zile hatua zilisimama nyuma yangu, karibu kabisa. Tone la maji likanidondokea kisiginoni.

Sauti ya mwanamke ikauliza, kwa upole, kama anayeulizia kitu dukani:

"Na mengine?"

Pancras akaanza kulia. Mimi hasira ilishinda woga. Sikugeuka.

"Mengine anayo mzungu. Mfuate yeye! Mtoto hana kosa."

Tone la pili likadondoka.

"Ni mbali?"

"Mbali."

Baridi ikapita kando ya shavu langu. Mafunjo hayakutikisika.

Tuliporudi, mguu wa kulia wa Nice ulikuwa safi. Wa kushoto bado. Alfajiri Pancras alipanda baiskeli mpaka Ngara mjini kumwahi Henrik. Gari lilikuwa limeshaondoka. Niliandika barua tatu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikimwambia Henrik arudishe yale mabuti. Hakujibu hata moja. Kila jioni tope lilirudi, na mguu ule ukawa unakonda, baridi kama jiwe la kisimani. Kanyange hakulala, alikesha ameushika.

Kisha Desemba, mwezi wa Henrik kwenda kwenye barafu, Jumapili moja tukitoka kanisani, Kanyange akamfungua mtoto mgongoni akapiga kelele. Mguu ulikuwa mkavu. Ulikuwa wa moto. Jioni ile Nice alishika ukingo wa kigoda, akasimama. Pancras alicheza ngoma peke yake uani.

Mimi nilitoka nikaenda kinamasini.

Mvua zilikuwa zinanyesha kila siku, lakini maji yalikuwa yameshuka mpaka mizizi ya mafunjo inaonekana. Tope lilikuwa limepasuka. Korongo hata mmoja hakuwapo. Hapakuwa na chura. Hapakuwa hata na ile harufu.

Nilimtukana Henrik kwa sauti. Nikamtukana Pancras. Kisha nikakumbuka ni mdomo wa nani uliosema mfuate yeye, na nikaanza kumwita yule mwenye tope arudi.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Sikuwa na jina la kumwitia.